Analilia Jina

Marieta alikuwa sokoni Mwigobero, kwenye meza yake ya dagaa, anapepeta na kubishana na mteja aliyetaka nyongeza juu ya nyongeza, simu ilipoita. Alikuwa Judith, binti yake aliyeolewa Butiama, mwenye kichanga cha wiki moja.

"Mama," Judith alisema, "mzee ameanza kuita majina."

Marieta akaweka ungo chini. Mteja alijichotea nyongeza mwenyewe, tena kwa mikono miwili, na Marieta hata hakumwona. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mwaka juzi, kwa mtoto wa kwanza wa Judith, na mtoto yule sasa alikuwa chini ya udongo huko Butiama.

"Ana joto?" aliuliza.

"Anachemka. Na macho yamekuwa ya njano. Ziwa hataki."

"Zahanati mmempeleka?"

"Tumeenda na Eliud. Sista hata hakumpima. Amesema mtoto mdogo hivi hapatagi malaria. Ameuliza, mbu amemng'atia wapi wakati analalaga kwenye neti tangu azaliwe? Akacheka. Akasema turudi tu nyumbani, pengine analilia jina."

Marieta alimwomba arudie hilo la mwisho, akidhani kelele za wapakuaji wa mitumbwi zimemchanganya. Judith akarudia. Kumbe alikuwa amesikia vizuri. Sista, mtu aliyesomea, mwenye sare na saa ya kubana kifuani, ameletewa mtoto anayechemka na majibu yake ni yale yale ya mzee wa ukoo. Marieta alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. Alimwachia jirani yake meza, akafunga khanga kiunoni, akaondoka na harufu yake ya samaki vile vile.

Tuelewane kuhusu hilo jina. Katika ukoo wa mzee Wanzagi, baba mkwe wa Judith, kichanga anayelia bila kunyamaza na kukataa ziwa husemwa kwamba analilia jina. Yuko marehemu mmoja wa ukoo anayetaka kurudi nyumbani, na mtoto atawakosesha watu usingizi mpaka marehemu huyo atajwe. Basi mzee huketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha mzazi, kibuyu cha maji mkononi, anaita jina la kwanza: "Fulani, ni wewe?" Kisha anasubiri. Ndani, mama anampa mtoto ziwa. Akinyonya, jina limekubaliwa, watu wanakunywa togwa na kwenda zao shambani. Akikataa, mzee ananyunyiza maji kidogo kizingitini, anaita jingine.

Marieta hakuwa na ugomvi na desturi hiyo. Hata kwao Kiriba watoto walililia majina, na yeye mwenyewe alipewa la bibi yake baada ya kuwakesha watu, kisa ambacho mpaka leo anakisimulia kwa kujisifu. Lakini mtoto anayelilia jina hulia kwa nguvu zote, ana kisirani, miguu inapiga mateke. Yule wa mwaka juzi hakulia hivyo. Alilia kilio chembamba, cha mtu aliyechoka kabla ya kuanza maisha, na mwili wake ulikuwa wa moto. Mzee alimwitia majina mpaka akaishiwa, na mtoto akafa.

Na hapo ndipo palipomchoma Marieta. Mtoto aliyekataa majina yote ya ukoo, walisema, si wa ukoo. Hawakumtukana Judith. Hakuna aliyesema neno moja baya. Walimzika tu mtoto upande wa pili wa ua wa minyaa, mbali na makaburi yao, bila jina. Tangu siku hiyo Judith alipita mbele ya wanawake wa boma lile akiwa ameinamisha macho, kana kwamba kweli ana mwanamume mahali. Sasa mtoto wa pili alikuwa anaitiwa majina. Huyu naye akiyakataa, Judith angezika mtoto mwingine, kisha angefungasha mizigo.

Marieta alifika Butiama jua likiwa limeanza kulegea. Uani walikuwa wamekaa wanawake wa ukoo kwenye jamvi, na mzee Wanzagi alikuwa kwenye kigoda chake ndani ya ukumbi, mbele ya mlango wa chumba cha Eliud, mumewe Judith, kibuyu mapajani. Marieta akasimama nje ya kizingiti cha nyumba, kwa sababu hapo ndipo mwisho wake ulipokuwa. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe, na chumba anacholala ndiyo kabisa. Tangu harusi, Marieta na Eliud hawakuwahi kupeana mkono. Wakikutana njiani, kijana alikuwa anaingia porini kumpisha, na Marieta alikuwa anafurahia heshima hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Judith. Karibu. Umetukuta kazini."

"Mzee, nimekuja kumwomba huyo mtoto tumpeleke hospitali."

Wanzagi hakuwa mtu mkali. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mgeni asiyejua njia. "Zahanati wamemwona. Wenyewe wamesema haumwi. Na mtoto hatokagi nje ya kizingiti bila jina, mama. Akitoka hivyo, atakuwa wa huko anakokwenda."

"Anachemka, mzee."

"Anayemjia ni mtu mwenye hasira, ndiyo maana. Tumebakiza wachache." Akanyunyiza maji, kisha akashusha sauti, ingawa kila mtu alisikia, na Judith ndani alisikia kuliko wote. "Na huyu naye akikataa, itabidi tukae sisi watu wazima tuongee. Wa kwanza alikataa. Wa pili anakataa. Majina ya kwetu yana kosa gani?"

Marieta alikuwa kwenye boma la watu, binti yake ni mke wa watu, na kama angelitoa neno alilokuwa nalo ulimini, Judith ndiye angelilipia. Alikaa kwenye ukingo wa jamvi, mikono katikati ya magoti. Ndani kile kilio chembamba kiliendelea. Mzee akaita jina, akasubiri. Kilio. Akaita jina jingine, akasubiri.

Kisha akalitaja jina la baba yake mzazi. "Nyamburi, ni wewe?"

Kilio kikakatika.

Kwanza kila mtu alitulia, wakitega masikio. Halafu mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wenzake wakadakia, na mzee Wanzagi akainuka kwenye kigoda machozi yanamtoka. "Baba," alisema, akiutazama mlango. "Baba amerudi."

Ukumbini watu wakaanza kushikana mikono, uani mtu akatumwa togwa. Marieta peke yake hakuinuka. Alikuwa anasikiliza. Mtoto anayenyonya husikika: anameza, anavuta pumzi, anagugumia. Kutoka chumbani hakukusikika kitu isipokuwa Judith anayeita, kwa sauti ya chini, "Mwanangu. Mwanangu."

Heshima yote ya ukwe, miaka yote ile ya kupishana porini, Marieta aliivuka kwa hatua moja. Alipita kizingiti, akampita mzee na kigoda chake, akasukuma pazia la chumba cha mkwewe. Nyuma yake vigelegele vilikufa na mtu akasema, "Haa, mama, huko siko." Eliud alikuwa amekaa kando ya kitanda. Alipomwona mama mkwe wake amesimama chumbani mwake, aligeuzia uso ukutani, kama alivyofundishwa.

Mtoto alikuwa mdomo wazi kifuani kwa Judith, maziwa yanamtiririka shavuni bila kumezwa. Macho yalikuwa nusu, shingo haina nguvu. Marieta alimchukua. Moto wake ulipita kwenye khanga.

"Eliud," alisema.

Kijana aliendelea kutazama ukuta.

"Eliud mwanangu, nitazame. Hiyo heshima tutairudia akipona. Katafute gari."

Eliud akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kisha akatoka mbio. Mzee Wanzagi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na kibuyu chake. Hakumzuia. Alisema tu, kwa mshangao wa kweli, "Lakini amekubali."

Gari la kwanza kusimama barabarani lilikuwa fuso lililobeba marobota ya pamba, na lilikuwa linakwenda Bunda, kwa hiyo wakaenda Bunda. Dereva aliwabana mbele wote watatu na mtoto. Judith alikuwa anampulizia mwanawe usoni njia nzima.

Hospitali waliuliza jina la mtoto, na Marieta akajibu kabla ya mwingine. "Hana. Andika mtoto wa Judith." Nesi akaandika hivyo hivyo kwenye plasta, akaibandika kwenye mkono mwembamba. Wakamchoma kisigino, tone moja la damu, na muda si mrefu daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya mafua, akaja na majibu. Ilikuwa malaria, tena kali, na damu ilikuwa imepungua. Walimtundikia dripu, wakamchoma sindano, wakaanza kutafuta damu. Judith naye akapimwa. Alikuwa nayo.

"Lakini alilala kwenye neti," Judith alisema. "Tangu azaliwe."

"Hakuumwa na mbu. Wewe ndiye uliumwa, ukiwa mjamzito," daktari alimwambia, bila kumlaumu. "Vimelea vinajificha kwenye kondo la nyuma, vinapita kwa mtoto. Wewe mwenyewe unaweza usisikie homa, unaona umechoka tu. Si kila mtoto anavipata, lakini anayevipata hatakiwi kucheleweshwa hata kidogo. Kliniki hukupewa ile dawa ya kinga? Ile unayomeza mbele ya nesi?"

Judith alimtazama Eliud, aliyekuwa amesimama dirishani, kisha akatazama mikono yake.

"Nilipewa. Lakini siku hiyo zahanati hakukuwa na kikombe. Wala maji. Sista akasema nikamezee nyumbani."

"Ukameza?"

"Nilimkuta Eliud anatetemeka. Na pamba ilikuwa inataka palizi. Mimi sikuwa naumwa, dokta. Nikaona mgonjwa ni yeye."

"Na mara zilizofuata?"

"Walikuwa wanasemaga imeisha."

Daktari alipangusa pua, akaguna, akaenda kwa mtoto. Eliud alitoka wodini. Marieta alimwona kupitia dirisha akichuchumaa chini ya ukuta, kofia imefunika uso, mabega yanatikisika, na hakwenda kumnyamazisha.

Alikuwa na hasira, na shida ya hasira ile ni kwamba haikuwa na shingo moja ya kukaba. Kama angekuwepo mtu mmoja mbaya, Marieta angemfuata huko huko aliko akamshushia maneno ya Mwigobero, yale yanayowafanya hata wavuvi wazibe masikio. Lakini alikuwa nani? Mjukuu wake alikuwa amelala pale na sindano kichwani kwa ajili ya kikombe. Kikombe cha plastiki, kitu ambacho watoto wanachezea matope. Na dawa ambayo kila mara imeisha. Na mwanamke aliyefundishwa kwamba tumbo lake ni zima ilimradi mume ndiye anatetemeka. Na kicheko cha sista. Na kigoda. Kila mmoja alisukuma kidogo tu, kisha akaenda kula chakula chake akiwa na moyo safi.

"Dokta," alimwita baadaye, walipokuwa peke yao kwenye korido. "Yule wa kwanza. Alikuwa hivi hivi. Joto, njano, kilio kama hiki. Naye ilikuwa malaria?"

"Siwezi kukudanganya, mama. Siwezi kujua. Hakupimwa."

"Hakupimwa," Marieta alisema. Alilirudia neno hilo mpaka likawa chungu mdomoni.

Walikaa pale siku kadhaa. Debora, mdogo wake Marieta anayeishi Nyasura, hapo hapo Bunda, aliwaletea uji na kubadilishana nao zamu. Joto lilishuka, likapanda, likashuka. Kisha asubuhi moja, wakati nesi anambadilishia plasta, mtoto wa Judith alikunja uso, akavuta pumzi, akalia. Kilikuwa kilio cha kisirani, miguu inapiga mateke, wodi nzima ikageuka. Judith alimpa ziwa naye akalidaka kama mwenye deni nalo. Marieta alikaa chini sakafuni akacheka na kulia pamoja, na hakuona aibu.

Siku hiyo hiyo mzee Wanzagi alifika. Alivaa koti lake la kanisani, na alimletea Judith kuku aliyefungwa miguu, ambaye nesi alimkatalia mlangoni. Alimwinamia mtoto, akavua kofia.

"Shikamoo baba," alimwambia kichanga. "Nyamburi. Umetutisha." Akamgeukia Marieta, uso umejaa furaha. "Nilisema amekubali. Tulipolipata jina tu, akapona."

Kama angekuwa anajigamba, Marieta angeona nafuu. Lakini mzee alikuwa anafurahi tu, kwa moyo mweupe kabisa, na moyo huo mweupe ndio uliomkera.

"Mzee, kaa," alisema, akamsogezea kiti. "Siku ile hakunyamaza kwa jina. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anakufa, na sisi tukapiga vigelegele. Damu imepimwa. Alikuwa na malaria, aliipata humo humo tumboni kwa mama yake. Hao hapo, waulize."

"Tumboni?" Mzee alimtazama Judith, akamtazama mtoto. "Neti si alikuwa nayo?"

"Ugonjwa ulikuwa ndani ya neti pamoja naye. Sasa nikuulize mimi. Na yule wa kwanza?"

Mzee alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Yule alikataa."

"Alikataa nini? Kichanga kimelegea, kinywa hakina nguvu ya kuvuta, mnasema kinakataa. Daktari niliyemuuliza, aliyesoma miaka yote hiyo, amesema hawezi kujua alikufa na nini kwa sababu hakuna aliyempima. Yeye hajui. Lakini ninyi mlijua. Mlijua kabisa kwamba si wenu, mkamtupa nje ya ua, na mwanangu mkamwachia fedheha aibebe kimya kimya huku anawapikia."

Wodini watu walikuwa wameacha kula. Marieta hakupunguza sauti. "Hilo jina la baba yako ni zuri, mzee. Basi mpe yule. Mtoe huko kwenye minyaa, mlaze na wenzake, umpe jina. Huyu ataitwa baadaye, akishashiba."

"Mama Judith," mzee alisema polepole, "maiti haitwagi jina. Haijawahi kutokea."

"Itatokea."

Hakuwa Marieta aliyesema. Alikuwa Eliud, kutoka mlangoni, mkwe ambaye hakuwahi kutoa sauti mbele yake. Alikuwa anatazama chini, lakini alisema kwa kusikika. "Itatokea, baba. Dawa zilizokuwa za kumkinga huyu nilizimeza mimi. Nitachimba mimi mwenyewe."

Mzee Wanzagi alikaa na kofia yake mapajani mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Waliporudi Butiama, Marieta aliwasimamisha kwanza zahanati. Akina mama wajawazito walikuwa wamekaa kwenye benchi, na sista alikuwa mezani kwake, ile ile saa kifuani. Marieta aliweka mbele yake vikombe vya plastiki alivyonunua sokoni Bunda, vyekundu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na ndoo ya maji yenye bomba.

"Vya nini, mama?"

"Vya kumezea dawa hapa hapa. Na huyu ndiye yule mtoto asiyepataga malaria. Alikuwa nayo."

Sista alimtazama mtoto mgongoni kwa Judith, akaona plasta, akaona alama za sindano. Uso ulimbadilika. Akasema taratibu kwamba dawa zenyewe bado hazijaletwa.

"Basi tukishazika nitarudi," Marieta alisema, "nikae hapa na hawa mpaka ziletwe." Akawageukia wanawake wa kwenye benchi, akawaambia kilichompata binti yake, kuanzia kikombe mpaka fuso, na sista hakumkatiza.

Eliud alichimba kesho yake asubuhi, kule kwenye minyaa. Ukoo ulikuja, wengine kwa huzuni, wengine kuangalia tu maajabu. Kifurushi kilikuwa kidogo mno, kimefungwa khanga mpya, kikalazwa ndani ya mstari wa makaburi ya ukoo, jirani na mzee Nyamburi mwenyewe. Kisha watu wakamsubiri Wanzagi. Alikuwa amekuja na kigoda na kibuyu kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kufanya. Aliketi ukingoni mwa kaburi, akanyunyiza maji kwenye udongo mbichi.

"Nyamburi," aliita. "Ni wewe?"

Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akatega sikio na kusubiri. Mtoto wa pili alikuwa amelala mgongoni kwa Marieta, ameshiba. Mzee aliendelea kusubiri, shingo imeinama upande, mpaka watu wakaanza kutazamana, na mmoja wa wazee akataka kumgusa bega kumwambia yatosha.

Judith akauzuia ule mkono.

"Mwacheni asubiri," alisema. "Na mimi nilisubirishwaga hivyo hivyo."